Mahubiri Hayapigwi Pasi

Kwanza kabisa, msinywe soda kabla ya ibada. Najua mnacheka. Lakini nimesimama pembeni mwa wahubiri hapa Brussels tangu nywele zangu zikiwa nyeusi hadi zikawa nyeupe, na sijaona kitu kinachomwaibisha mkalimani kama gesi ya soda inayopanda katikati ya maombi ya toba, maikrofoni ikiwa mdomoni. Kunyweni maji ya kawaida, yasiyo baridi. Na nendeni chooni mapema, kwa sababu Mmarekani akishika mimbari saa haimhusu tena.

Grâce ameniandikia kwa niaba yenu, timu ya vijana wa ukalimani. Anasema mwezi ujao Caleb anakuja kutoka Amerika kuhubiri kanisani kwetu Saint-Josse. Mmemsikiliza kwenye simu, mkashtuka, mkakubaliana kwamba mtamlainisha. Atakachosema kuhusu taifa lake na maadui wa taifa lake, nyinyi mtakigeuza kiwe neno zuri la upendo. Mnaniomba mimi, Maman Riziki, mzee wenu wa kazi, niwafundishe jinsi ya kufanya hivyo bila mgeni kugundua. Nilisoma, nikaweka simu chini, nikaenda kuosha vyombo ili hasira ipungue. Haikupungua, kwa hiyo nawaandikia nikiwa nayo.

Sitawafundisha. Lakini nitawaeleza kwa nini, na njiani mtaokota mambo mengine ya kazi ambayo hakuna simu itakayowapa.

Mnajua sheria ya "mimi". Mhubiri akisema "mimi", nawe unasema "mimi". Husemi "anasema kwamba yeye". Ukianza hivyo, kabla ya nusu saa watu hawajui tena nani kafanya nini. Akisema "mke wangu", unasema "mke wangu", hata kama wewe ni mwanamke na mama wa watoto wanne. Mwaka wangu wa kwanza nilifasiri mahubiri marefu kuhusu ndoa, nikamsifu mke wangu, nikasimulia tulivyogombana kuhusu gari, nikalia kidogo pale mhubiri alipolia. Tulipokuwa tunakula baada ya ibada, kaka mmoja aliyefika karibuni kutoka kwetu Uvira alinisogelea kwa adabu zote, sahani ya sombe, yaani kisamvu, mkononi, akaniuliza, "Maman, na bibi yako, yeye hakukuya leo?"

Tulicheka hadi machozi. Lakini yule kaka alikuwa amesema jambo la kweli. Watu hawasikii sauti ya mgeni, wanasikia ya kwenu. Neno likitoka kinywani mwako, kwao umelisema wewe. Huo ndio uzito wa kazi, na ndiyo sababu kila mkalimani siku moja anatamani kulainisha.

Aliyenifundisha kazi ni Papa Zihindula. Bukavu alikuwa mwalimu wa sekondari. Hapa, siku za kazi alikuwa mlinzi kwenye mlango wa ofisi moja kule Schuman, mtaa wa ofisi za wakubwa, na Jumapili alikuwa sauti ya Amerika. Suti yake ilikuwa moja, ya kijivu, imenyooka kama imetoka dukani asubuhi hiyo. Alinifundisha kutazama mabega ya mhubiri badala ya mdomo, kwa sababu mabega yanapanda kabla sentensi haijafika na unapata nafasi ya kuvuta pumzi. Alinifundisha kutaja sura na mistari kwa Kifaransa, maana watu wetu husali kwa Kiswahili lakini namba zao zote zinaishi katika Kifaransa. Ukisema "ishirini na saba" wanabaki kufunua kurasa hovyo. Sema "vingt-sept" na ukumbi mzima umeshafika.

Na alinifundisha kuhusu bunduki. Kulikuwa na mhubiri kutoka milimani huko kwao, mtu mpole sana, aliyependa kusimulia jinsi babu yake alivyomchukua porini akiwa mtoto kuwinda paa. Kwake hicho kilikuwa kisa cha upendo. Nami nikafasiri neno kwa neno: alfajiri, msitu, mzee amesimama nyuma ya mti na bunduki. Ukumbi ukafa. Mama mmoja kutoka Walungu, ambako watu walikimbia bunduki, akashika mkoba wake na kutoka. Mgeni alinitazama, hajui amekosea wapi. Hakuwa amekosea. Baadaye Papa Zihindula aliniambia, "Riziki, kwanza unaleta muwindaji, kisha nyama, kisha njo unaleta bunduki. Batu yetu, wakiona bunduki mbele, hawaone tena paa." Hakuniambia niongeze neno wala nipunguze. Alibadilisha mpango wa kuingia tu, na hiyo ni haki ya mkalimani. Kumbukeni tofauti hiyo, nitairudia.

Sasa niwaambie kuhusu Mchungaji Dale, babu yake huyo Caleb. Yeye ndiye aliyekuwa akija kwetu karibu kila vuli, na familia yake yote nimeipitisha mdomoni mwangu kwa namna moja au nyingine.

Baba yake Dale naye alikuwa mhubiri. Dale alisimulia mara nyingi kwamba mzee huyo hakupiga kura maisha yake yote, akiamini kwamba siasa ni matope na kwamba mtu anayengoja mbingu hana haja ya kuchafua viatu. Dale mwenyewe aliona huo ni uvivu. Kizazi chake kiliamua kuingia kwenye matope kwa miguu yote miwili: kusajili wapiga kura makanisani, kuwaombea wagombea, kuwapima majaji. Alikuwa mkweli katika hilo. Hakuwa mtu wa kutafuta cheo. Aliwahi kumwosha miguu Papa Zihindula mbele yetu sote, na maji yalikuwa ya moto mno, na Papa akavumilia kwa ajili ya Injili.

Mkalimani huona mabadiliko kabla ya wengine, kwa sababu yeye ndiye anayetafuta maneno. Miaka ya kwanza, Dale alipokuwa anakuja, Jumamosi nilikuwa namtafutia Papa maneno kama neema, damu, hukumu, tumaini. Miaka ikapita, nikajikuta natafuta mahakama kuu, ushuru, jimbo, mpaka, kura za mapema. Nikamuuliza Papa Zihindula kama tumehamia bungeni. Akanijibu, "Wewe tafuta neno. Kutumia, tutaona."

Kwa maana yeye hakuyatumia. Papa alikuwa na ufundi wake, aliouita kupiga pasi. Dale akisema, "Ndugu zangu wa Brussels, simameni nami kumwombea mtu wetu ashinde, maana adui zetu ni adui za Mungu," Papa Zihindula, uso mtulivu, mabega chini, alisema, "Tuombee viongozi ya inchi yote, Mungu awape hekima." Na kanisa zima likaitikia Amina ambayo ilitetemesha madirisha ya duka la mapazia lililo chini yetu. Dale alifurahi. Kanisa lilifurahi. Pasta Bahati, mchungaji wetu, alifurahi kuliko wote. Hata upande wa pili pasi ilipita. Mnajua desturi yetu, baada ya mahubiri mtu yeyote anaruhusiwa kusimama na kusema neno. Mtu aliongea dakika nyingi, analia, anahesabu wafu wake, na Papa alimwinamia mgeni na kumnong'oneza kwa Kiingereza, "Anamshukuru Mungu."

Mimi wakati huo nilikuwa wa semina na wa vijana. Mimbari kuu ilikuwa ya Papa. Nilimwona kama fundi mkubwa. Kisha akaja Hannah.

Hannah ni mjukuu wa Dale, dada yake mkubwa Caleb. Alikuwa amefanya kazi Bukavu katika zahanati, na Kiswahili chake kilikuwa kile kile chetu, hata na "bon" zake. Alikuja Brussels kusaidia waomba hifadhi, na Jumapili moja babu yake alipohubiri, aliketi kati yetu. Siku chache baadaye tulikutana kwa kahawa pale Flagey, soko likiwa linafungwa na wachuuzi wanapigiana kelele za bei za mwisho. Hakugusa kikombe chake.

"Maman Riziki, Papa hakusema vile babu alisema."

"Alisaidia kidogo," nikajibu.

"Alisaidia nani? Wewe unajua kule kwetu babu anafanya nini na ile Amina yenu?"

Sikujua. Akatoa simu akanionyesha. Lilikuwa kanisa la kwao, kubwa kama stesheni, na kwenye skrini ya mbele, katika video, tulikuwa sisi: Maman Furaha na kitambaa chake cha kijani, akinamama wa kwaya, wazee, wote mikono juu, tunaitikia Amina. Na sauti ya Dale ikiwaambia watu wake kwamba Waafrika wa Brussels, watu walioteseka, wakimbizi wa kweli, wanasimama pamoja naye kumwombea mgombea wao na kuufunga mpaka. Watu wake wakashangilia na kulia.

Hannah hakuwa amekasirika kama mimi nilivyokasirika. Alikuwa amechoka. Aliniambia rafiki zake wengi wa utotoni hawakanyagi tena kanisani. Hawakumchoka Mungu, walichoka na mikutano ya kura iliyovaa nguo za ibada. Wengine walibaki, wakageukia mambo kama yake, wageni na maskini, na nyumbani wanaitwa waasi. "Na mudogo wangu Caleb," akasema, "yeye anaona babu ni baridi sana. Anasema babu aliomba mlango wa serikali, yeye anataka nyumba nzima." Basi msidhani kwamba kizazi kipya kikija kinakuja kizima upande mmoja. Katika nyumba moja, kitanda kwa kitanda, mmoja alitoka na mwingine akawasha moto zaidi.

Nilikwenda moja kwa moja kwa Papa Zihindula na kumweleza. Alisikiliza, akavua miwani.

"Riziki, batu hawa balikimbia. Balivuka ma-frontières, mipaka, na batoto ku mugongo. Dimanche banakuya hapa kanisa kupumuzika. Weye unataka wasikie frontière hata hapa?"

"Papa, wanaisikia. Vijana wote wanajua Kiingereza. Wanakaa nyuma wanacheka."

Hapo ndipo nyinyi mnapoingia. Grâce, wewe ulikuwa miongoni mwao. Mlikuwa mmekwenda kwa Pasta Bahati na kumwambia wazi kwamba kanisa linawadanganya mama zenu mbele ya macho yenu, na kwamba pasi ikipita tena, mnaondoka wote, kwaya ya vijana na wapiga vyombo pamoja. Pasta alikuja kwangu amekonda. Aliamini kwamba mkiondoka, kanisa litabaki la wazee na litakufa nao. Na aliamini pia kwamba Dale akisikika alivyo, wazee ndio wataondoka. Kila upande aliouangalia aliona viti vitupu.

Papa alivaa tena miwani yake. Akasema, "Bon. Alors dimanche, shika micro weye. Mi nitakaa mbele, nione." Hakusema kwa ubaya. Mtu aliyeshika kitu miaka yote hiyo akakuachia bila kuking'ang'ania, huyo mheshimu.

Jumapili hiyo, kabla ya kupanda, Pasta Bahati alinivuta kando ya ngazi. "Maman, tafadhali. Kama anaanza mambo ya politique, pitisha pasi kidogo. Kidogo tu." Nikamwambia, "Pasta, nitasema anachosema. Kama hutaki, tafuta mwingine sasa hivi." Hakukuwa na mwingine. Nikapanda na chupa yangu ya maji, wala si soda.

Dale alihubiri vizuri nusu ya kwanza, kuhusu nyumba na mwenye nyumba. Kisha mabega yakapanda. Akasema, nami nikasema, kwa sauti yangu, nikiwatazama watu wangu: "Nchi yangu ni nyumba niliyopewa na Mungu. Anayeingia bila kubisha hodi, hata akija analia, ni mwizi. Kumrudisha alikotoka ni utii. Tunaye mtu atakayefanya hivyo, na nawaomba mumwombee ashinde."

Akangoja Amina yake.

Hakuna kilichokuja. Nilisikia kipasha joto kikigonga ukutani. Dale alinigeukia akidhani nimekosea, akarudia maneno yale yale kwa sauti kubwa zaidi. Nami nikayarudia kwa sauti kubwa zaidi. Kwenye safu ya mbele Papa Zihindula alikuwa amefumba macho. Nilikuwa naona aibu hadi masikioni, maana wapo walionitazama mimi, si yeye, kama yule kaka wa Uvira aliyemtafuta mke wangu. Sikushusha maikrofoni.

Dale alimaliza haraka. Pasta akauliza, kwa mazoea, kama kuna mwenye neno, na uso wake ulikuwa unaomba asiwepo. Maman Furaha akasimama.

Nyinyi wadogo mnamjua kama bibi wa biskuti. Wakati ule alikuwa anasafisha ofisi kule Schuman, ambako Dale alikuwa amesali ukumbini na wakubwa Jumanne ile, na mwanawe Dieudonné alikuwa amepata négatif mbili. Maombi yake ya hifadhi yalikuwa yamekataliwa na alikuwa amefungiwa kituoni akingoja ndege. Wakalimani tulikuwa na desturi ya kuketi wakati wa neno la kanisa. Mimi nilibaki nimesimama, nikamgeukia Dale, na kila alichosema Maman Furaha nikakitoa kwa Kiingereza, kwa maikrofoni, kwa "mimi".

"Papa Mchungaji, mi njo Maman Furaha. Ile salle ulisalia na bakubwa kule Schuman mardi, mi njo niliipangusa. Niliweka hata maua. Mutoto wangu Dieudonné aliingia bila kubisha. Angebisha wapi? Mulango haikukuwa, ilikuwa mayi ya bahari tu. Sasa iko mu centre, banataka kumurudisha. Miaka yote hii unahubiri, mi najibu Amina. Kumbe sikujua nilikuwa najibu nini. Donc leo, Papa, Amina zangu zote, unirudishie. Ile ya kwanza mupaka ya mwisho. Sikukupatia kwa ile kazi."

Nilipofika kwenye "nirudishie" sauti yangu ilikatika, nikaikohoa, nikasema tena ili isikike vizuri.

Mzee Dale alishika ukingo wa mimbari. Alisema, "Hakuna aliyeniambia kwamba hamkujua," na nikafasiri. Kisha akaomba arudiwe jina la yule kijana. Nikafasiri. Maman Furaha akauliza, "Unataka kumuombea ao kumushitaki?" Nikafasiri na hilo, na safu ya nyuma mlivuta pumzi wote kwa pamoja. Akajibu, "Kumwombea." Akatajiwa jina tena. Akafumba macho, na kwa mara ya kwanza katika miaka yote nilimwona akitafuta maneno kama sisi wakalimani tunavyoyatafuta. Hakuomba mlango ufunguke wala ufungwe. Aliomba mama huyu amwone mtoto wake tena. Amina zilikuwa chache, kila mtu na yake.

Msidhani kisa kimeishia vizuri. Dieudonné alipandishwa ndege akapelekwa Kinshasa, mji ambao hakuwahi kuukanyaga. Dale alirudi kwao akampigia kura mtu wake yule yule, Hannah aliniambia. Lakini video yetu aliiondoa, na hakusema tena kwamba tuko nyuma yake. Vuli iliyofuata alikuja mara ya mwisho, akaanza mahubiri hivi: "Nitasema jambo ambalo wengi wenu hamtakubaliana nalo. Andaeni majibu yenu." Na yakaandaliwa, mnakumbuka, hadi chakula kikapoa.

Wazee wachache waliondoka. Vijana wachache pia, waliosema mtu kama huyo hastahili mimbari kabisa, na siwezi kusema walikosea. Pasta Bahati hakunisemesha kwa wiki kadhaa, akinipa mkono kama anayegusa chuma cha moto. Papa Zihindula alikuja kwangu siku hiyo hiyo, akanirekebisha neno moja la Kiingereza, akaenda zake. Na wewe Grâce na wenzako mlipanda mbele kuniuliza mtaanza lini mafunzo. Hamkubaki kwa sababu ya Dale. Mlibaki kwa sababu mlimsikia Maman Furaha akijibiwa.

Ndiyo maana ujumbe wenu umenichoma. Nyinyi mlioichukia pasi ya Papa, sasa mnaitafuta kabatini kwa ajili ya mjukuu. Papa aliwaficha wazee maneno ya Dale kwa huruma. Nyinyi mtawaficha maneno ya Caleb kwa kiburi, mkiamini mmeshayaelewa kwa niaba yao. Mwisho wake ni ule ule: atarudi kwao na Amina zetu mfukoni, na safari hii ataziweka kwenye simu, ambako hakuna anayeziondoa.

Kwa hiyo mfasirini Caleb alivyo. Akiwa mkali, muwe wakali. Akisema jambo jema, na atasema, maana yeye si shetani, lisemeni nalo kwa joto lile lile. Mna haki ya kumleta mwindaji kabla ya bunduki. Hamna haki ya kuificha bunduki. Pasta Bahati akiwavuta kando ya ngazi, mjibuni kwa heshima, kisha mpande. Na wakati wa neno la kanisa ukifika, asiketi hata mmoja wenu. Maman Furaha atakuwepo, na Kiingereza hajajifunza hadi leo. Mwambieni anaombwa kuitikia nini. Asipoitikia, msiitikie kwa niaba yake.